Akiba ya Maji Katika Nyumba ya Serikali

Mtu aliyelelewa kambini anaifahamu sauti ya alfajiri ambayo si ya tarumbeta. Ni sauti ya jerikeni tupu zinazogongana njiani kwenda bombani. Ifikapo saa kumi na moja, kabla ya gwaride na kabla ya chai, akina mama na watoto wamekwisha jipanga, na jerikeni zilizolala hapo tangu usiku zimesimama mstarini kama askari, kila moja ikiwa na kitambaa au kamba yake shingoni ili mwenyewe aitambue. Ugomvi mwingi wa kambini, hata ule unaofika mezani kwa mkuu wa kituo ukiwa umevikwa sababu nyingine, chanzo chake ni mstari huo.

Katika kambi moja ndogo ya polisi mashariki mwa Uganda, mahali ambapo mwamba wa Tororo huonekana vizuri siku isiyo na ukungu, aliishi koplo mmoja pamoja na mkewe na watoto wao wanne. Majirani walimwita mwanamke huyo Mama Koplo, kwa desturi ya kambini ya kumpa mke cheo cha mumewe hata kama yeye ndiye mwenye amri ndani ya nyumba. Nyumba yao ilikuwa yunipoti, yaani kile kibanda cha mviringo cha bati ambacho askari wa Uganda walikirithi tangu siku za ukoloni: joto mchana, baridi usiku, na mvua inyeshapo humsikii hata aliyeketi karibu nawe. Mbele ya yunipoti hiyo koplo alikuwa amejenga jiko la miti na mabati manne kwa fedha yake mwenyewe.

Watu hao sita walitumia jerikeni nane kwa siku, yaani lita 160. Si maji mengi. Ukiyagawanya, kila mtu hapati hata lita 27 za kunywa, kupikia, kuoga na kufulia. Tena sare ya koplo ilijichukulia sehemu kubwa, kwa kuwa khaki ya askari haifuliwi kwa maji ya kunyunyiza. Lazima ilowekwe, isuguliwe, isuuzwe mara mbili, itiwe uwanga, kisha ipigwe pasi mpaka mkunjo usimame. Jerikeni moja iliyojaa ina uzito wa kilo 20, na mbebaji mkuu wa uzito huo alikuwa binti wao wa kwanza, mwenye umri wa miaka 12, mwanafunzi wa darasa la sita.

Upande huo wa nchi kiangazi huanza Desemba na kwisha Februari. Nguvu ya maji bombani hupungua, na jerikeni iliyokuwa ikijaa kwa dakika mbili huchukua dakika kumi. Februari ya mwaka wao wa pili kambini, binti alichelewa shuleni mara nne katika muda wa wiki mbili. Mara ya nne alirejea nyumbani na barua ya mwalimu. Mama Koplo aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia ndani ya kikombe kabatini, mahali alipozoea kuweka risiti za madeni.

Jioni alimwambia mumewe kwamba mvua za Machi zikianza angependa kuyakinga maji ya mabati yale manne.

"Mama, hapa si kwetu," koplo alimjibu. "Leo tupo, kesho jina linasomwa kwenye gwaride, kesho kutwa tumo juu ya lori. Nani ajenge tangi katika nyumba ya serikali?"

"Tangi sijalitaja, Baba. Nimetaja maji."

Asiyekuwa askari aweza kudhani kwamba koplo alikuwa mvivu. La hasha. Alisema jambo ambalo vitabu vingi vya uvunaji wa mvua hulisahau. Vitabu hivyo huandikwa kwa ajili ya mwenye kiwanja. Humfundisha kujenga tangi la saruji na wavu wa chuma, lita 6,000 au 10,000, litakalodumu mpaka wajukuu. Ni ushauri mzuri sana kwa mkulima aliyezaliwa na atakayezikwa hapo hapo. Askari, mwalimu, bwana afya na wafanyakazi wengine wa serikali huishi katika nyumba za kupita. Ndiyo sababu kambini mna mapaa mengi na mapipa machache. Kila familia hungojea familia ijayo ianze.

Mama Koplo alikuwa katika chama cha akina mama cha kuzungushiana fedha, na zamu yake iliangukia mwezi huo. Alinunua mapipa mawili ya plastiki ya lita 200. Mwuzaji alikuwa na mapipa ya aina nyingi, mengine ya bei nafuu zaidi, lakini mama aliinama akanusa moja moja, na lililotoa harufu ya dawa alilikataa hata alipopunguziwa bei. Alifanya vyema. Pipa lililobeba dawa za viwandani au za wadudu halitakasiki kwa sabuni, na halifai kuwekewa maji ya kupikia kamwe.

Likabaki suala la mlizamu, huo mfereji wa bati unaokinga maji ukingoni mwa paa. Hapo yunipoti ilionyesha ukaidi wake. Paa la mviringo halina ukingo ulionyooka. Maji huteremka pande zote kama jasho la kichwani, na kukunja bati liufuate mzingo huo ni kazi inayowashinda mafundi wengi. Walitega mabeseni chini yake, wakapata walichopata. Jiko lakini lilikuwa na ukingo ulionyooka wa mita 3. Fundi mmoja wa sokoni alikunja vipande vya bati vikawa mlizamu, akauning'iniza kwa waya, akaupa mteremko wa sentimita 3 kutoka mwanzo hadi mwisho. Mteremko ukipungua maji husimama na kuozesha majani. Ukizidi, mvua kubwa huruka nje. Kwa agizo la mama, mlizamu haukupigiliwa misumari. Ulifungwa kwa waya peke yake, ili siku ya lori ufunguliwe.

Hesabu ilifanywa na binti, kwa kuwa eneo la mstatili lilikuwa ndilo somo lake shuleni. Mabati manne yalifunika mita 3 kwa mita 3, yaani mita za mraba 9. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo mvua ya milimita 10, ambayo si mvua ya kutisha, ilikuwa lita 90. Ukitoa yanayoruka na yanayolowesha bati, zilibaki kama 75, karibu jerikeni nne. Binti aliandika hesabu hiyo kwa chaki kwenye mlango wa jiko. Koplo aliitazama kwa muda, kisha akauliza kama kweli jibu ni lile. Aliambiwa ajaribu mwenyewe.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku mmoja wa Machi, na kosa likafanyika. Kwa furaha ya kusikia maji yakianguka pipani, waliyaacha yaingie yote, tangu tone la kwanza. Bati lilikuwa limekaa miezi mitatu likipokea vumbi, majani makavu na vinyesi vya ndege. Asubuhi maji yalionekana safi juu. Uchafu ulikuwa umetulia chini. Kitinda mimba, mwenye miaka miwili, alipewa maji hayo bila kuchemshwa. Siku ya pili alianza kuharisha, na usiku wake macho yalikuwa yamedidimia. Alibebwa mpaka zahanati, akapewa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, pamoja na vidonge vya zinki. Siku ya tatu aliomba uji.

Mganga hakumgombeza mama yake. Alimwuliza tu maji yalitoka wapi, na jibu lilipotolewa alieleza kwamba mvua ni safi mpaka inapogusa paa. Tangu siku hiyo bomba la plastiki lililotoka mlizamuni kuingia pipani liliachwa wazi pembeni, na mvua ilipoanza maji yalimwagwa nje mpaka yatoke meupe. Ndipo mtu alipotoka na gunia kichwani kuligeuza lielekee pipani. Baada ya kiangazi kirefu walingoja dakika kumi au zaidi. Mvua zikifuatana kila siku, dakika mbili tatu zilitosha. Mdomo wa pipa ulifungwa kwa kitambaa kizito, na maji yalitolewa kwa koki iliyowekwa juu kidogo ya kitako ili matope yabaki chini. Ya kunywa yalichemshwa mpaka yatokote kwa nguvu, bila hoja ya kwamba ni maji ya Mungu.

Kitambaa kile kilikuwa na kazi nyingine. Mbu hutaga mayai juu ya maji yaliyotulia, na katika joto la kwetu yai huweza kuwa mbu arukaye kwa muda wa siku kumi hivi. Pipa lililoachwa wazi wiki mbili ni shamba la mbu, na mwenye pipa hilo huwagawia majirani mavuno yake bila kuombwa.

Jambo hili la mbu lilizua mazungumzo siku moja mdogo wake koplo alipofika kuwatembelea. Yeye alikuwa askari wa jeshi, amerudi kutoka Mogadishu, ambako majeshi ya Uganda yalipelekwa kulinda amani kuanzia Machi 2007. "Shemeji," alimwambia Mama Koplo huku akiligonga pipa kwa kidole, "hiki kwa Wasomali ni kitoto." Akaeleza kwamba wafugaji wa kule huchimba shimo kubwa ardhini, wakalijengea kuta za mawe na saruji, na mvua ichuruzikayo juu ya ardhi huelekezwa humo ili mifugo na watu wavuke kiangazi. Wao huliita *berkad*. Neno hilo na birika la Kiswahili ni ndugu, yote mawili yakitokana na Kiarabu; maana kabla birika halijawa chombo cha chai tu katika vinywa vya watu wa bara, lilikuwa, na lingali pwani, hodhi la maji la msikitini. Katika misikiti ya Lamu mabirika hayo yaliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mtoto wa kiume wa koplo aliposikia hivyo alitaka samaki watiwe pipani siku hiyo hiyo. Alikataliwa.

Hadi hapo majirani walikuwa wakisifu mlizamu. Sehemu ya pili ya mpango wa Mama Koplo haikusifiwa na mtu, nayo ndiyo iliyomletea maji mengi zaidi. Alianza kuyatumia maji mara mbili.

Nyuma ya jiko aliweka mabeseni matatu kwa mpango. Sare na nguo nyeupe zilifuliwa kwanza. Povu lililobaki lilipokea nguo za watoto, kisha matambara. Maji ya kusuuzia mara ya pili, ambayo huwa karibu safi, yaliwekwa kando yakawa ya kulowekea fungu lililofuata. Yaliyokuwa yamechoka kabisa yalisugua sakafu ya bafu na choo. Maji ya kuoshea mchicha na mchele yalikwenda moja kwa moja kwenye nyanya. Ya kuogea yalikwenda migombani. Hakuna maji yaliyotumika yaliyowekwa hadi kesho, kwani hunuka upesi na kuwa mabaya kuliko yalivyotoka. Maji ya nguo zilizochafuliwa na kinyesi cha mtoto hayakuingia katika mpango huo hata kidogo, yalitupwa chooni. Na ya sabuni hayakumwagiwa mboga za majani.

Koplo aliona aibu. Mlizamu ni kitu cha kuonyesha wageni, lakini mke wa askari akionekana akiteka maji ya kuogea kwa kopo na kuyapeleka migombani, watu watasema mshahara umekwisha. Aibu hiyo anayo kila mtu, na si ya kuchekwa. Hata hivyo Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nchi kavu kupita zote za kusini mwa jangwa la Sahara, umekuwa ukisafisha maji yaliyokwisha tumika majumbani mpaka yanakuwa ya kunywa tena, nao ulianza mwaka 1968. Mawaziri na mabalozi wa mji huo hunywa maji hayo. Tofauti ni kwamba kule kuna mitambo na wataalamu, na hapa palikuwa na mabeseni matatu. Ndiyo maana maji ya Mama Koplo yaliishia kwenye choo na mgomba, wala hayakurudi mdomoni.

Aliyekasirika kwa haki alikuwa jirani, Mama Pacha. Maji ya kuogea yalikuwa yakimwagwa pamoja mahali pamoja, ardhi ikashiba, tope likatambaa mpaka mlangoni pake. Mapacha wake wakaligeuza uwanja wa mchezo. Maneno yalisemwa ambayo hayafai gazetini. Wiki nzima wanawake hao wawili walisimama mstarini bombani pasipo kusalimiana, na kambi nzima ilihesabu siku.

Koplo ndiye aliyepata dawa, labda kwa kuogopa shauri lisije likamkuta kazini. Alichimba shimo la mviringo, upana mita 1, kina sentimita 60, mahali ambapo mteremko ulielekea mbali na nyumba zote mbili. Alilijaza nyasi, majani makavu na maganda, akapanda machipukizi matatu ya migomba ukingoni. Maji yote ya kuogea yakaelekezwa humo. Majani yaliyooza yaliyanywa kama sifongo, na migomba ikastawi kwa kasi iliyowashangaza wapita njia. Tope mlangoni kwa Mama Pacha likakauka. Salamu zilirudi polepole, kwanza kupitia watoto.

Kufikia Septemba hesabu mpya ilikuwa imeandikwa kwenye mlango wa jiko. Matumizi yalikuwa yameshuka kutoka jerikeni nane za bombani hadi tano, hata siku isiyokuwa na mvua. Wiki ya mvua yalishuka hadi mbili, na siku nyingine hapakuwa na safari kabisa. Binti alizidisha tena, akagundua jambo ambalo mama yake hakulitazamia. Kwa mvua ya Tororo, inayozidi milimita 1,200 kwa mwaka, mabati yale manne yangeweza kuleta kama lita 9,000, na hayo ni makadirio ya ukarimu, maana mvua kubwa huyajaza mapipa mawili na inayobaki humwagika. Lakini jerikeni tatu zilizookolewa kila siku kwa mabeseni ni lita 60, na kwa siku 365 ni lita 21,900. Mabeseni, yaliyoleta aibu, yaliushinda mlizamu zaidi ya mara mbili.

Katika muhula huo wote binti hakuandikiwa barua nyingine ya kuchelewa.

Novemba jina la koplo lilisomwa kwenye gwaride. Moroto, Karamoja. Siku 14.

Mke hakulia, ingawa majirani walikuja tayari kwa kilio. Alimwita fundi, mlizamu ukafunguliwa waya zake na kufungwa kamba pamoja na bomba lake. Mapipa yaliondolewa maji, yakasuguliwa, yakajazwa vyombo na nguo, kwa kuwa katika lori la uhamisho chombo kitupu ni nafasi iliyopotea. Jiko na mabati yake manne waliliuza kwa konstebo kijana aliyeoa karibuni. Mkewe alikuwa msichana wa mjini, na aliuliza zile waya zilizobaki zinaning'inia ukingoni ni za kazi gani. Alielezwa tangu mwanzo, pamoja na kisa cha mtoto kuharisha, ambacho kilisimuliwa mara mbili. Migomba haikuweza kupakiwa. Mmoja ulikuwa umekwisha toa chipukizi, na Mama Pacha aliomba ruhusa ya kulihamishia kwake. Alipewa shimo lote.

Karamoja si Tororo. Mvua zake huja kwa msimu mmoja, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, tena hazitabiriki. Mito mingi ni ya mchanga, na kiangazi watu huufukua mchanga huo kutafuta maji chini yake. Familia ilifika Desemba, vumbi likiwa limeufunika hata mlima. Nyumba waliyopewa safari hii ilikuwa ya safu, yenye paa la mstatili na ukingo ulionyooka wa mita 4 kwa upande wao, ila mawingu ndiyo hayakuwapo. Maji yalitoka kisimani, kwa pampu ya mkono, na mstari wake ulikuwa mrefu kuliko ule wa bombani.

Asubuhi ya kwanza, kabla godoro halijafunguliwa, mabeseni matatu yalikwisha pangwa nyuma ya nyumba. Jirani mmoja alisimama kuyatazama, asiseme neno. Februari shule ilipofunguliwa, binti aliingia darasa la saba, mwaka wa mtihani. Saa kumi na moja alfajiri koplo, kama hakuwa zamu ya usiku, alionekana akisukuma baiskeli yenye jerikeni mbili kuelekea kisimani, amevaa kaptura na shati la nyumbani, akiwaamkia akina mama waliomtangulia. Tano kwa siku zilitosha. Mlizamu ulikuwa chini ya kitanda, umefungwa kamba, ukingoja Aprili.